Kufuma Papo kwa Papo: Ya Kweli na ya Kuzushwa

Mfumaji wa kawaida huketi mtamboni na karatasi pembeni. Karatasi ndiyo inayomwambia akanyage wapi, apitishe rangi gani na mara ngapi. Mfumaji wa papo kwa papo hana karatasi. Hupitisha uzi mmoja, huutazama, ndipo anapoamua unaofuata. Hajui kitambaa kitaishaje mpaka kiishe.

Jambo hilo dogo limezaa maneno mengi. Wako wanaosema ni uvivu uliopewa jina zuri. Wako wanaosema ni kipaji, ama unacho ama huna. Na wako wauza mitambo wanaoahidi kwamba hakuna kinachoweza kuharibika, ahadi ambayo hudumu mpaka siku mnunuzi anapofunga nyuzi zake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nimeyakusanya madai yanayorudiwa zaidi, kila moja na hukumu yake.

Kwanza msamiati wa kazi. Mtande ni nyuzi za urefu, zile zinazokazwa mtamboni kabla ya jambo lolote. Mshindio ni uzi unaokatiza kwa upana. Kila uzi wa mtande hupita ndani ya kitanzi, na vitanzi vimeshikwa na fremu. Ukikanyaga kikanyagio, fremu husogea, nyuzi nyingine zikawa juu na nyingine chini, mwanya ukafunguka, na shato iliyobeba mshindio ikapita. Kisha unavuta kitana kuupigapiga uzi ukae mahali pake. Basi, ufumaji wote ni huo, ukirudiwa maelfu ya mara.

"Mfumaji wa papo kwa papo haamui chochote mapema"

Si kweli, na hili ndilo linalowaponza wengi wanaoanza. Kabla ya mshindio wa kwanza kupita, maamuzi makubwa yamekwisha kufanyika: upana wa kitambaa, urefu wake, nyuzi ngapi kwa kila sentimita, rangi ipi ikae wapi, na kila uzi uingie katika fremu ipi.

Tuseme unataka shali mbili, kila moja ya mita 2 kwa sentimita 50. Ukiweka nyuzi 5 kwa sentimita, unahitaji nyuzi 250. Urefu nao si mita 4 tu. Kuna matamvua ya kila ncha. Kuna asilimia 10 hadi 15 inayoliwa kwa sababu uzi unaopanda na kushuka hufupika. Kuna kipande cha mwisho kisichoweza kufika kwenye kitana, ambacho hukatwa na kutupwa, mara nyingi sentimita 60 hadi 80. Unajikuta karibu na mita 6. Zidisha kwa 250 upate mita 1,500 za uzi, ambazo lazima zipimwe, zihesabiwe, kisha zipitishwe kwa ndoana, uzi mmoja baada ya mwingine, kwanza katika vitanzi halafu katika kitana. Kwa mtu anayejifunza, siku nzima inaweza kuishia hapo, na ndani ya siku hiyo hakuna cha papo kwa papo hata chembe.

Idadi ya fremu nayo huweka mpaka wake. Mtambo wa fremu 2 hufungua mianya miwili tu: hii juu ile chini, kisha kinyume chake. Wa fremu 4 hufungua mianya 14 yenye maana. Kila fremu ina hali mbili, hivyo jumla ni 16, lakini zote zikiwa juu au zote zikiwa chini hakuna kinachofumwa. Ndiyo sababu wengi wanaopenda kubuni wakiwa mtamboni hufunga kila fremu kwenye kikanyagio chake pekee, badala ya kufunga ruwaza iliyokamilika. Kwa njia hiyo miguu miwili inaweza kuchanganya inavyotaka.

Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, hukaza nyuzi zake kwa makamu, yaani ngazi ya sauti, aliyoichagua kabla ya kuanza taksimu, upigaji wa papo kwa papo. Hakuna anayemwambia kwamba kwa kufanya hivyo amejinyima uhuru, kwa sababu msikilizaji anajua taksimu yenyewe imo ndani ya makamu hiyo. Mtande ndio makamu ya mfumaji. Anayepanga mtande wa rangi moja isiyo na uhai, halafu akategemea mshindio umwokoe, amejiwekea kazi ngumu. Anayepanga mtande wenye michirizi isiyolingana, nyuzi nene karibu na nyembamba, na hapa na pale nafasi tupu, amejiachia mambo ya kujibu kila anapokanyaga.

Mpaka unaowekwa na mtande umewahi kusogezwa. Lenore Tawney, Mmarekani aliyeishi kuanzia 1907 hadi 2007, alichoshwa na kitana kinachoshikilia kila uzi mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akabuni kitana kilicho wazi upande mmoja, akaweza kuzikusanya nyuzi za mtande au kuzitawanya kazi ikiendelea. Vitambaa vyake vikaanza kunenepa na kukonda njiani. Lakini hata yeye alianza kwa kuhesabu nyuzi.

"Uzi mmoja wa mtande ukikosekana, kitambaa kimeharibika"

Si kweli, na kuna kazi ya maisha nzima iliyojengwa juu ya kulikataa dai hili.

Misao Jo alizaliwa mwaka 1913 nchini Japani. Huko Osaka alikuwa mwalimu wa ikebana, sanaa ya kupanga maua, na alianza kufuma akiwa na umri wa miaka 57, kwa mtambo uliotengenezwa nyumbani na familia yake. Alikuwa akifuma obi, ule mkanda mpana unaofungwa juu ya kimono, na katika kipande kimoja uzi wa mtande ukakosekana. Ukaacha mstari mwembamba uliokwenda na kitambaa chote. Yeye aliupenda. Mfanyabiashara wa vitambaa aliyemwonyesha akamwambia kuwa chenye kasoro ya namna hiyo hakina thamani.

Wengi wangerudi nyumbani kukaza macho zaidi. Jo alirudi akafuma kingine, safari hii akiacha nyuzi kwa makusudi, nyingi na bila mpangilio. Kitambaa hicho alikipeleka kwenye duka la obi za gharama katika mtaa wa Shinsaibashi, na huko kikapokewa vizuri, akatakiwa alete vingine. Kutokana na hapo ukazaliwa ufumaji aliouita Saori, usio na ruwaza za kunakili na usio na kitu kinachoitwa kosa. Mwanawe, Kenzo Jo, aliunda mtambo mdogo unaokaa sakafuni, wenye fremu 2 na vikanyagio 2, ambao mtu huweza kuanza kuutumia siku hiyohiyo. Misao Jo alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 104.

Swali aliloliacha ni gumu kuliko linavyoonekana: nani aliyesema huo mstari ni kosa? Jibu lake lilikuwa mashine, na historia ya nchi yake mwenyewe inamuunga mkono. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kujiendesha uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, ili kitambaa chenye kasoro kisiendelee kutoka. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki za kuutengeneza, na kutoka katika biashara hiyohiyo ya mitambo ya kufumia ndipo yalipochipuka magari ya Toyota yaliyojaa barabarani kwetu. Kwa kiwanda kinachotoa maelfu ya mita zinazopaswa kufanana, uzi uliokosekana ni hasara. Mfumaji wa kitambaa kimoja ameazima hofu isiyomhusu.

Hata hivyo, hapa sikubaliani na wale wanaolitangaza somo la Jo bila mipaka. Uzi uliokosekana ni mstari. Uzi uliokatika katikati ya kazi, ukaachwa unaning'inia nyuma ya kitana, ni tundu linalongoja kukua. Dawa yake ni nyepesi: ingiza uzi mpya kwenye kitanzi kilichobaki wazi, uukaze kwa pini mbele, nyuma utundikie kizito kidogo, endelea. Vivyo hivyo kwa mshindio unaoruka nyuzi nyingi za mtande bila kushikwa. Ukiruka sentimita 1 kwenye shali, ni pambo. Ukiruka sentimita 5, utanasa kwenye pete ya mvaaji siku ya kwanza. Mavazi yana madai yao, hayajali falsafa ya aliyeyafuma.

"Unaiona kazi yote ikikua mbele ya macho yako"

Hili husemwa na watu ambao hawajawahi kuketi kwenye mtambo wa miguu. Si kweli, na kwangu mimi hapa ndipo ulipo ugumu halisi wa kufuma papo kwa papo, ambao hauzungumzwi inavyostahili.

Kitambaa kikishafumwa huviringishwa kwenye rola ya mbele. Unachokiona kwa wakati mmoja ni kipande kifupi kati ya rola na kitana, pengine sentimita 30. Vingine vyote vimezama. Mchoraji hurudi nyuma hatua tatu akatazama picha nzima. Mfumaji akirudi nyuma hatua tatu ataona kile kipande kilekile kwa mbali. Akitaka kuviringua ili akague, analegeza mkazo wa mtande, na mkazo ukirudi tofauti, mshindio utakaa tofauti, na mstari wa mahali aliposimama utaonekana milele.

Maana yake ni kwamba anafuma kwa kumbukumbu. Anakumbuka kwamba huko nyuma kulikuwa na nyekundu, lakini ilikuwa nyekundu kiasi gani? Ilikaa sentimita 4 au 9? Ile sehemu iliyolegea aliyoipenda, je, ilikuja kabla ya bluu au baada yake? Shali ikivaliwa, ncha zake mbili huning'inia kifuani sambamba, sentimita chache zikizitenga. Mtamboni, kati ya ncha hizo mbili kulikuwa na mita mbili za kusahau.

Wako wanaosema hilo ndilo tamu lake: acha kitambaa kikushangaze siku ya kukikata. Naelewa. Lakini angalia wanachofanya wale wanaofuma hivi kwa miaka. Wengi wana ukanda wa karatasi au utepe wanaoufunga kandokando ya kitambaa, wenye alama za mahali rangi zilipobadilika, nao huviringishwa pamoja na kitambaa. Wengine hupiga picha kwa simu kabla ya kila mzunguko wa rola. Haya si usaliti wa ubunifu. Mtu anayebuni lazima ajue anabuni kutokana na nini.

Kuna pia suala la kufumua. Mshindio usiopendeza unaweza kutolewa, uzi kwa uzi, kwa kufungua mwanya uleule na kurudisha shato ilikotoka. Lakini kila unapopita na kurudi, kitana kinausugua mtande. Nyuzi za pamba iliyosokotwa vizuri zitavumilia. Sufu laini itaanza kuota manyoya, nyuzi za jirani zitashikana, na mwanya hautafunguka sawasawa. Kwa hiyo uhuru wa kubadili mawazo upo, ila una idadi yake.

"Uzi wowote unafaa"

Nusu kweli. Kwa mshindio, ni kweli karibu kabisa. Mshindio haubebi mkazo, kazi yake ni kulala kati ya nyuzi zinazoubeba. Watu wamefuma kwa katani, kwa ukindu uliolowekwa, kwa utepe wa kaseti za zamani, kwa vipande vya mifuko. Kaskazini mwa Japani, ambako pamba haikuota na nguo ilikuwa ghali, watu walichana nguo zilizochakaa wakazifuma upya, na ufumaji huo, sakiori, bado upo. Waswidi wana mazulia yao ya matambara yaliyofumwa kwa njia hiyohiyo.

Kwetu, kanga iliyochoka ni hazina kwa kazi hii. Kanga moja ya sentimita 150 kwa 110, ikichanwa vipande vya sentimita 2 kwa upana, hutoa vipande 55, yaani zaidi kidogo ya mita 80 za mshindio. Kwenye zulia la upana wa sentimita 60 zitafuma kama nusu mita, kutegemea unavyopiga kitana. Uzuri wake ni kwamba rangi za pindo na za mji hujitokeza zenyewe kwa madoa mafupimafupi, bila wewe kupanga. Hapo mtu anaweza kufuma papo kwa papo hata asipotaka.

Kwa mtande, hapana. Mtande huvutwa siku nzima na kusuguliwa na kitana maelfu ya mara. Vuta uzi kwa mikono miwili: ukikatika kwa urahisi, usiuweke. Usugue kwa ukucha: ukitoka manyoya, usiuweke, au uuweke kwa nafasi kubwa. Na jihadhari kuchanganya unaovutika na usiovutika. Sufu na kitani vikikazwa pamoja kwenye rola moja, baada ya mita moja sufu ingali imekaza na kitani kimelegea. Ukijua unachokifanya, waweza kuvitumia hivyo kwa makusudi. Sufu husinyaa ikifuliwa na pamba haisinyai kwa kiwango hicho, hivyo kitambaa chenye michirizi ya zote mbili hujikunja mawimbi. Usipojua, utadhani umerogwa.

"Asiyejua lolote hufuma vizuri zaidi, maana elimu huifunga akili"

Dai hili linapendwa na wanaoendesha madarasa ya siku moja. Lina chembe ya ukweli: mtu mzima aliyefundishwa ruwaza kwa miaka hupata shida kukiacha kitambaa kipinde. Lakini ukiwatazama walioufanya ufumaji wa namna hii uheshimiwe, utakuta watu waliosoma sana.

Shule ya Bauhaus ilifunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Wanawake wengi waliojiunga walisukumwa kwenye karakana ya ufumaji walipotaka kwenda kwingine. Anni Albers, aliyeingia mwaka 1922, alikuwa akitaka karakana ya vioo. Ndani ya karakana hiyo ya ufumaji hakukuwa na mwalimu aliyezijua mbinu zenyewe kwa undani, basi wanafunzi walijaribu wenyewe, moja kwa moja mtamboni, na kazi za miaka hiyo ya Weimar zina ule msisimko wa mtu anayegundua. Je, waliridhika na kutojua? Gunta Stölzl na mwenzake Benita Otte walifunga safari hadi Krefeld, mji wa viwanda vya hariri, kusomea upakaji rangi na mbinu za ufumaji, kisha wakarudi kuwafundisha wengine. Stölzl ndiye aliyekuja kuiongoza karakana hiyo shule ilipohamia Dessau.

Albers naye, kwa kazi yake ya kuhitimu mwaka 1930, alifuma kitambaa cha ukutani kwa ajili ya ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau. Upande mmoja ulinyonya sauti, upande wa pili, wenye selofeni, uliakisi mwanga. Huwezi kukifikia kitambaa cha namna hiyo kwenye karatasi. Lazima ushike selofeni mkononi, uipitishe, uone inavyofanya ikikutana na pamba. Kule kucheza na nyuzi bila mpango kulizaa kitu ambacho msanifu majengo alikihitaji. Manazi walipoibana Bauhaus hadi ikafungwa mwaka 1933, Albers na mumewe Josef walikwenda Black Mountain College huko North Carolina, na huko aliwafundisha wanafunzi kuanza na nyenzo mkononi kabla ya kuchora. Kitabu chake cha mwaka 1965, On Weaving, alikitunuku kwa wafumaji wa kale wa Peru, ambao aliwaita walimu wake. Mtu asiyejali elimu hatafuti walimu waliokufa karne nyingi zilizopita.

Misao Jo mwenyewe, anayetajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba ujuzi hauhitajiki, alifika mtamboni akiwa na miaka mingi ya kupanga maua. Hakuwa amejifunza kufuma, lakini jicho lake lilikuwa limesoma.

"Ni mchezo wa watoto na wagonjwa, hauingii katika sanaa"

Si kweli, ingawa watoto na wagonjwa wamo, na sioni aibu iko wapi. Saori inatumika sana Japani katika vituo vya watu wenye ulemavu, na kazi zinazotoka huko zinauzwa kama nguo, hazigawiwi kwa huruma.

Kuhusu watoto, jaribio kubwa lilifanyika barani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, msanifu majengo Ramses Wissa Wassef alijenga karakana kijijini Harrania, karibu na piramidi za Giza, akawapa watoto wa wakulima mitambo na sufu iliyotiwa rangi za mimea. Kanuni zake zilikuwa tatu: hakuna mchoro wa kufuata, hakuna kuiga sanaa ya mahali pengine, na hakuna mtu mzima wa kuwakosoa. Watoto hao wakakua wakiendelea kufuma mitende, mbuzi, visima na ndege, wakianzia chini na kupanda juu bila kuchora. Ni kweli kwamba mitambo yao ya sufu ni ya kusimama na haina vikanyagio, kwa hiyo kasi yao ni ya mikono, na picha moja huchukua miezi. Lakini swali ni lilelile, kama hii ni sanaa, na jibu lao linaning'inia katika makumbusho. Majengo yenyewe ya udongo yalipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 1983.

Anayedai sanaa haimo humo ana mwaka 1949 wa kuueleza, mwaka ambao Museum of Modern Art ya New York ilimpa Anni Albers onyesho la peke yake. Kabla yake hakuna mfumaji aliyewahi kulipata hapo.

"Mfumaji wa Kiafrika hubuni tu, hesabu si yake"

Sifa hii hutolewa kwa nia njema na ni ya uongo. Tazama kente ya Waasante na Waewe wa Ghana, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mtambo wake ni mwembamba, na mfumaji huvuta fremu kwa kamba alizozibana kati ya vidole vya miguu. Kinachotoka ni ukanda wa takriban sentimita 10. Vazi la mwanamume huhitaji kanda zaidi ya 20 zilizoshonwa ukingo kwa ukingo. Kipande cha rangi kikizidi kwa kidole kimoja kwenye ukanda mmoja, vazi zima litapotoka. Kwa hiyo mfumaji hupima, ukanda baada ya ukanda. Ubunifu upo, na mwingi: Waewe hufuma ndani yake wanyama, viti na viganja vya mkono kadiri wanavyoona inafaa. Lakini hubuni juu ya hesabu.

Pwani yetu ni hivyohivyo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta vitambaa vya mji huo vikisafirishwa hadi Misri. Wafumaji wa Benadir walioirithi kazi hiyo huketi miguu ikiwa shimoni kwenye vikanyagio, na michirizi inayowapa sifa imo ndani ya mtande, imepangwa kabla mguu haujakanyaga. Kikoi nacho kiko hivyo. Michirizi ya pindo lake iliamuliwa siku ya kufunga mtande.

"Bila mtambo mkubwa wa miguu huwezi"

Si kweli. Fremu ya mbao na misumari inatosha kujifunzia. Vikanyagio vinaiachia mikono nafasi na kuongeza kasi, na kasi ina thamani yake hapa: sentimita 20 ulizozifuma kwa saa moja ni rahisi kuzisamehe kuliko zilizokuchukua wiki.

"Kitambaa kikikatwa mtamboni kimekwisha"

Si kweli, na wanaoamini hivi huhukumu kazi yao siku moja mapema. Mtamboni nyuzi zimekazwa. Zikikatwa hupumua, kitambaa kikapungua upana na urefu. Zikilowa, husogea tena na kujaza mianya, na ile sehemu uliyodhani imelegea mno huenda ndiyo itakayokaa vizuri kuliko zote. Kupungua kwa sehemu moja ya kumi ni jambo la kawaida, na sufu huweza kuzidi hapo.

Kama unataka kujaribu, funga mtande wa pamba wa sentimita 30 kwa mita 3, wenye rangi tatu au nne zisizopangwa kwa usawa, na uache nyuzi mbili tatu bila kuzifunga. Usifume shali. Fuma mpaka mtande uishe, ukibadilisha mshindio kila unapochoka nao, na uandike kwenye ukanda wa karatasi ulichofanya. Funga matamvua, fua kwa maji ya vuguvugu, anika kivulini. Kikishakauka, kitandaze chote sakafuni, weka ule ukanda wa karatasi kando yake, na uamue mwenyewe ni kipande gani ungependa kukirudia.